Bakuli Moja la Jiwe

Maneno yaliyosemwa na wazee wa parokia baada ya Misa ya Jubilei





Baraza la wazee limetupa kazi ya kusema maneno machache siku hii ya Jubilei. Wengi walidhani tutasema juu ya kengele, juu ya mnara, au hesabu ya wabatizwa tangu mwanzo. Mambo hayo mtayasoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tumechagua kusema juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu amekigusa asubuhi hii kabla ya kuingia, na pengine hakukitazama: bakuli la jiwe la maji ya baraka, lililo mlangoni, upande wa mkono wa kuume.

Tumelichagua kwa sababu moja. Mwaka huu bakuli hilo limeleta mabishano kati yetu. Tumeona ni vema kuyasema mambo hayo mchana, mbele ya wageni wetu, kuliko kuyanong'ona usiku nyuma ya nyumba.

1. Jiwe lisilo na dhahabu

Ndugu wapendwa, Ituri ni nchi inayojulikana mbali kwa sababu ya mawe yake. Tangu dhahabu ilipoonekana upande wa Kilo, mwaka wa 1903, mababu zetu walipelekwa kupasua mawe na kuchuja mchanga wa mito. Wengine walikwenda kwa mshahara, wengi walikwenda kwa kulazimishwa. Hata leo vijana wetu wanashuka katika mashimo wakiwa na sururu na tochi, na mara kwa mara tunaletewa habari ya shimo lililoanguka juu yao. Jiwe lenye dhahabu limewapa watu wachache utajiri, na limewapa watu wengi kilio.

Jiwe letu la mlangoni halina dhahabu. Ni jiwe la kijivu, gumu, lililochongwa kwa nyundo na patasi. Tumbo lake ni la duara, na kina chake hakipiti kiganja cha mtu mzima. Mguu wake ni mnene, umezamishwa katika sakafu. Halina ua lililochongwa wala maandishi, ila msalaba mdogo upande wa mbele.

Wageni wetu wakipenda, walitazame vizuri wakati wa kutoka. Wataona kwamba ukingo wake si sawa pande zote. Upande unaoelekea mlango umekuwa laini na umelika kidogo, kama ngazi ya nyumba ya zamani. Hakuna chuma kilichofanya kazi hiyo. Ni vidole vya watu: vidole vya wazee ambao sasa wamelala makaburini, vya mabibi-arusi, vya watoto walioinuliwa na mama zao ili wafikie maji, vya watu waliokuja kuzika.

Wakati wa vita vitu vingi vilichukuliwa hapa: mabati, viti, milango, vitambaa vya altare. Bakuli halikuchukuliwa. Ni zito mno, na hakuna soko linalonunua jiwe lililotobolewa. Hivyo kitu kilichoonekana hakina bei ndicho kilichobaki kutungoja.

2. Desturi hii imetoka wapi

Watoto wa katekismu hutuuliza: Je, tunatia vidole katika maji kwa sababu gani? Ni vizuri kuwajibu kwa utaratibu.

Katika Agano la Kale, kitabu cha Kutoka, sura ya 30, Mungu alimwamuru Musa kutengeneza birika la shaba na kuliweka kati ya hema na altare, ili Haruni na wanawe wanawe mikono na miguu kabla ya kutumikia. Basi, tangu zamani, kumkaribia Mungu kulitanguliwa na maji.

Katika Evanjili ya Yoane, sura ya 2, tunasoma juu ya arusi ya Kana. Palikuwa na mitungi sita ya mawe, kwa ajili ya kunawa kwa desturi ya Wayahudi. Waliochunguza desturi za nchi ile wanatufundisha sababu ya kuwa ya mawe: Wayahudi waliamini kwamba chombo cha udongo kinashika unajisi na kinapaswa kuvunjwa, lakini chombo cha jiwe hakishiki unajisi. Yezu aliyatumia maji ya mitungi hiyo hiyo kwa muujiza wake wa kwanza. Hakuagiza vyombo vipya.

Wakristu wa zamani nao waliweka maji uani, mbele ya makanisa yao. Askofu Eusebio wa Kaisaria, akisifu kanisa jipya la mji wa Tiro mwanzoni mwa karne ya 4, alitaja chemchemi zilizowekwa mbele ya mlango kwa ajili ya wanaoingia. Mtakatifu Yoane Krizostomo, aliyefariki mwaka wa 407, aliwafundisha wakristu wake jambo kubwa zaidi. Aliwaambia kwamba maji ya uani yanasafisha mikono ya kuomba, lakini maskini wanaokaa mlangoni wamewekwa pale ili tupate kusafisha mikono ya roho kwa sadaka. Basi, kwa mafundisho yake, mlangoni mwa kanisa pana vitu viwili vya kutuosha: maji na maskini.

Baadaye chemchemi za uani zikawa mabakuli madogo karibu na mlango, ya jiwe, ya marumaru, au ya shaba. Mjini Paris, katika kanisa la Saint-Sulpice, maji ya baraka yamewekwa katika magamba mawili makubwa ya chaza wa baharini, zawadi ya Jamhuri ya Venezia kwa mfalme François wa Kwanza. Sisi tuko mbali na bahari, na hakuna mfalme aliyetuletea zawadi. Lakini maji ni yale yale na maana ni ile ile: mtu anayechora alama ya msalaba kwa maji hayo anakumbuka Ubatizo wake. Ni kama kusema mlangoni: Bwana, mimi ni yule uliyemwosha, nimerudi nyumbani.

Wazee wetu walilielewa jambo hilo kuliko sisi, kwani wao waliungoja Ubatizo muda mrefu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka wa 1868, aliweka sheria kwamba mtu mzima afundishwe kwa miaka 4 kabla ya kubatizwa. Nchi yetu iliwekwa mikononi mwa Mapadri hao ilipofanywa Prefektura ya Ziwa Albert, mwezi wa 7 mwaka wa 1922. Ikawa Vikarieti mwaka wa 1933, kisha Jimbo la Bunia tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka wa 1959, Monseigneur Matthysen akiwa askofu wake wa kwanza. Mwaka wa 1962 upande wa Mahagi ukapata jimbo lake. Katika miaka ile ya mwanzo, mtu alikuja mafundishoni kwa miguu, akalala kwa jamaa, akarudi kulima, akaja tena, mpaka siku yake ilipofika. Mtu aliyeyangoja maji kwa miaka 4 hawezi kuyapita mlangoni kama asiyeona kitu.

3. Miaka ya bakuli kavu

Kila mwaka, katika siku kuu tatu za Pasaka, bakuli hukaushwa. Kutoka Alhamisi Kuu jioni hadi mkesha wa Pasaka, mtu akinyosha mkono anagusa jiwe tupu. Eklezya inataka tuone ukavu huo kwa mkono, ili tufahamu maana ya Bwana kuwa kaburini.

Lakini sisi watu wa Ituri tumepata siku kuu tatu zilizokuwa ndefu kupita kiasi.

Kati ya mwaka wa 1999 na wa 2003, vita kati ya ndugu na ndugu viliua watu ambao hesabu yao inasemwa kupita 50.000. Mwezi wa 5 mwaka wa 2003, pale Nyakasanza mjini Bunia, mapadri wawili waliuawa katika parokia pamoja na watu waliokimbilia kwao. Miaka ya amani kidogo ikafuata, tukajenga tena. Mwishoni mwa mwaka wa 2017 moto ukawaka tena katika Djugu, vijiji vikachomwa, na watu wakajaa katika kambi.

Ugonjwa wa Ebola ukaja juu ya hayo. Ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2018, ukaingia na Ituri, nao haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 2020. Waliougua walihesabiwa 3.470, na waliokufa 2.287. Tukaambiwa tusipeane mikono, na mlangoni pakawekwa ndoo ya maji yenye klorini. Bakuli likakaushwa, na ilikuwa haki kulikausha, kwani Mungu hapendi maji yake yawe njia ya mauti. Kabla ugonjwa huo haujakwisha, ukaja wa Korona, na kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 8 wa mwaka wa 2020 makanisa ya nchi yote yalifungwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa 7 mwaka wa 2025, pale Komanda, watu wenye silaha waliingia katika kanisa la Mwenye Heri Anuarite. Watu zaidi ya 40 waliuawa mjini mle, na wengi wao walikuwa wakikesha katika sala. Walikuwa wameingia kama tulivyoingia sisi leo. Tunawataja hapa ili Jubilei yetu isiwe furaha ya kusahau. Tuwaombee, na tunyamaze kidogo.

Tuliporudi kijijini, kanisa halikuwa na mabati. Mvua ilikuwa imenyesha ndani. Bakuli lilikuwa limejaa majani, matope, na vyura wadogo. Mama mmoja mjane alikuja asubuhi akiwa na majivu na kipande cha kitenge, akalisugua mpaka jiwe likaonekana. Siku ile hapakuwa na padri wa kubariki maji. Alilisafisha tu, akaliacha kavu, akasema litakuwa tayari. Jina lake halitasemwa, kwa sababu hapendi. Lakini jubilei hii ilianza siku ile.

4. Shauri la bakuli la pili

Sasa tufike kwenye mabishano.

Mwaka huu, tulipokusanya fedha za kutengeneza kanisa, watu fulani walileta shauri: tujenge bakuli la pili upande wa kushoto, la simenti na vigae vyeupe. Walisema litakuwa zuri, na watu hawatasongana mlangoni siku za sikukuu. Shauri hilo, likitazamwa peke yake, halina kosa. Makanisa mengi ya ulimwengu yana mabakuli mawili, na ya Saint-Sulpice tuliyoyataja ni mawili.

Lakini ndugu zangu, tujibu kwa ukweli: Je, ilikuwa sababu ya vigae? Mkutano ulipokuwa ukikaribia kwisha, mtu mmoja alisema wazi neno ambalo wengine walikuwa nalo moyoni. Alisema: afadhali kila upande uwe na maji yake. Hakuna aliyeuliza pande hizo ni zipi. Sote tulijua.

Sisi tunaosema nanyi hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole, na inatupasa kuungama mbele yenu. Kwa miezi mingi baada ya kurudi, tuliingia kanisani kwa mlango mdogo wa kando, ule wa karibu na sakristia. Tulipoulizwa, tulisema ni kwa sababu ya magoti ya uzee, kwani mlango ule hauna ngazi. Haikuwa hivyo. Tulikuwa tumeona mikono ya watu fulani ikitiwa katika bakuli, nasi hatukutaka kutia yetu baada ya hiyo. Siku moja mtoto wa katekismu akatuuliza: "Wazee, mbona ninyi hamchori msalaba mnapoingia?" Hatukumjibu kitu. Siku ya Mungu iliyofuata, tulipita mlango mkubwa.

Kwa hiyo tumetafuta kujua kama jambo la namna hii lilipata kutokea mahali pengine. Lilitokea, tena katika nchi za Ulaya zilizotuletea wamisionari. Upande wa milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania, kwa karne nyingi palikuwa na watu walioitwa Cagots. Walikuwa wakristu kama jirani zao na walisema lugha ya jirani zao. Wengi wao walikuwa mafundi wa mbao, na walifanya kazi katika ujenzi wa makanisa. Hata hivyo jirani waliwachukia, na hakuna aliyeweza kueleza vizuri chanzo cha chuki hiyo. Kanisani waliingia kwa mlango mdogo wa kando, wakakaa mahali pao peke yao, na mahali pengi walikuwa na bakuli lao la maji ya baraka, ili vidole vyao visiguse maji ya wengine.

Leo hakuna tena atengwaye hivyo pale. Lakini milango ile midogo ingaliko katika makanisa kadhaa, na pengine mabakuli yale pia. Wageni huonyeshwa mambo hayo, na wenye kuonyesha husema kwa haya. Waliochonga bakuli la pili walidhani wanatunza usafi. Wajukuu wao wamerithi jiwe la aibu, na jiwe haliozi.

Na sisi je? Wahema wa kaskazini na Walendu husema lugha moja, Kilendu. Wamechota mto mmoja, wameuziana ng'ombe na mihogo, wameoana. Mbira, Mngiti, Mualur na Mnyali wameishi kati yao na pamoja nao. Wajukuu wetu watatueleza namna gani, ikiwa Jubilei yetu itawaachia mabakuli mawili?

Katika Evanjili ya Yoane, sura ya 4, yule mwanamke Msamaria alishangaa Yezu alipomwomba maji, kwa kuwa Wayahudi na Wasamaria hawakushirikiana vyombo. Bwana wetu hakuwa na ndoo yake. Alikuwa na kiu, akaomba kunywa katika chombo cha mtu wa upande mwingine. Hapo ndipo alipoanza kumfundisha juu ya maji ya uzima.

Na tusidanganyike kwamba kutia kidole majini kunatosha. Mateo anatusimulia kwamba Pilato naye alinawa mikono mbele ya watu, na maji yake hayakumsafisha. Bali Yezu, usiku ule wa Alhamisi, alitia maji katika chombo akawaosha wengine miguu, hata Yuda aliyekuwa tayari kumsaliti. Anayenawa ili aseme "mimi simo" amemfuata Pilato. Anayemtilia maji mwenzake amemfuata Bwana.

Mapadri wetu wageni wanafahamu vema jambo lililo katika Misa yetu ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwezi wa 4 mwaka wa 1988. Katika Misa hiyo, maungamo hayako mwanzoni. Yako baada ya kusikiliza Neno na mafundisho. Watu huungama, kisha hunyunyiziwa maji ya baraka, ndipo wanapopeana amani, kabla ya kuleta sadaka. Utaratibu huo unafuata mafundisho ya Bwana katika Mateo, sura ya 5, juu ya mtu anayeiacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu yake. Eklezya ya nchi yetu ndiyo iliyotupa utaratibu huo, nasi tulikuwa karibu kuuharibu mlangoni, kabla Misa haijaanza.

Tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka wa 2023, Papa Fransisko alipokuwa Kinshasa, alipokea watu walioumizwa na vita vya mashariki, na wa Ituri wakiwamo. Walileta vyombo vilivyowaumiza au vilivyoua jamaa zao, wakaviweka chini ya msalaba. Hatudhani kwamba machozi yao yalikauka siku ile. Lakini walionyesha mahali pa kuweka kitu kizito ambacho mtu hawezi tena kukibeba.

5. Neno tulilokata

Tulirudi mkutanoni mara tatu. Mara ya tatu, mama yule mjane aliyesugua bakuli alisimama. Alisema hivi: "Wazee, mume wangu aliuawa, mnajua. Kule makaburini amelala karibu na watu wa pande zote, nanyi hamkuweka ukuta. Mkigawa maji ya wazima, mtakwenda kugawa na wafu?" Akaketi. Hakuna aliyeendelea kusema juu ya vigae.

Basi baraza limekata maneno haya, nasi tunayatangaza leo.

Kwanza: bakuli litakuwa moja, hili hili la zamani. Halitapakwa rangi, wala ukingo wake ulioliwa na vidole hautajazwa simenti. Mlango mdogo wa kando utabaki kwa ajili ya wagonjwa na vilema wa kweli.

Pili: fedha zilizotengwa kwa bakuli la pili zitakwenda kutengeneza chemchemi ya bondeni, ambayo sote tunachota. Mamama wamechoka kungoja zamu katika matope, na watoto wanaharisha.

Tatu: kila siku ya sita jioni, watu wawili watashuka pamoja kuchota maji ya bakuli kwa bidon moja, mmoja kutoka kila upande wa kijiji. Watachota, watapanda kilima pamoja, watampa padri maji abariki. Njia ile ni ndefu kidogo. Watu wawili wenye mzigo mmoja hawawezi kufika juu bila kusema neno.

Nne: bakuli litasuguliwa kila juma kabla ya kutia maji mapya. Maji ya zamani yatamwagwa katika udongo safi, si njiani. Ndoo ya kunawia na sabuni itabaki nje ya mlango, hata magonjwa yakiwa yamekwisha. Sabuni ni kwa mikono, bakuli ni kwa kukumbuka Ubatizo, na mkristu mwenye akili hachanganyi kazi hizo mbili. Ikiwa waganga wa serikali watatuambia tena kulikausha, tutalikausha bila kunung'unika.

Tano: maji ya baraka si dawa ya kienyeji. Tunawaomba wale wanaoyachota kwa chupa ili kunyunyizia shamba la adui, au kuyafunga katika hirizi, au kuyauza kambini, waache. Mnaruhusiwa kuyapeleka nyumbani kwa sala ya jamaa na kwa wagonjwa. Nguvu yake inatoka katika imani na sala ya Eklezya.

Sita: kwa kufuata mafundisho ya Krizostomo, karibu na bakuli kutakuwa na kikapu. Atakayechovya kidole na alitazame kikapu pia. Yatakayotiwa humo, unga, maharage, nguo, chumvi, yatakwenda kambini kwa watu wote, bila kuuliza wametoka kilima gani.

Ndugu wapendwa, tunajua kwamba si wote waliokubali kwa moyo. Kuna wenye vidonda ambavyo havijapona, na sisi hatuna haki ya kuwaambia wapone upesi. Wale ambao siku ya Mungu hii hawakuweza kutia mkono bakulini, tunawaambia tu: njoni hata hivyo. Simameni mbele yake. Bakuli lilikaa miaka likiwa kavu, likatungoja sisi wote. Litawangoja na ninyi. Lakini msituombe kuchonga la pili.

Tunamshukuru Mungu kwa wamisionari waliotangulia, kwa mapadri wetu wa nchi, kwa Masista, kwa wakatekista walioshika sala wakati mapadri hawakuweza kufika, kwa mafundi waliochonga jiwe hili, na kwa kila mkono uliolilainisha. Tunawashukuru wageni wetu kwa kuja kwa njia ngumu. Mkirudi Bunia na kwenu, mtuombee ili siku ya sita jioni wale wawili wasikose kushuka bondeni.

Na sasa, mnapotoka, msiende upesi. Tieni vidole majini, mchore alama ya msalaba. Kisha yule aliye karibu na maji amnyoshee mwenzake wa nyuma kidole kilicholowana, apokee maji kutoka mkononi mwake, kama walivyofanya wazee wetu walipokuwa wengi mlangoni. Msichague wa kumpa. Mpeni yule aliye nyuma yenu.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awabariki. Amina.